Walikopitishwa Wafu

Edale ni kijiji kidogo bondeni, katika jimbo la Derbyshire, Uingereza: kanisa, baa mbili, stesheni ya treni, na nyumba za mawe zilizotawanyika kati ya malisho ya kondoo. Kabla ya miaka ya 1630 bonde hilo halikuwa na kanisa lake. Mtu akifa, jeneza lilibebwa mabegani hadi Hollins Cross, pale mgongo wa kilima unapobonyea, kisha likateremshwa upande wa pili kwenda kuzikwa Castleton. Kinjia hicho kipo hadi leo, na mwisho wa wiki hupandwa na watu wa mjini waliokuja kutembea. Sehemu nyingi za Uingereza watu wa kale waliamini kwamba maiti akipitishwa mahali, pale pameshakuwa njia ya wote, na mwenye shamba hawezi tena kupafunga. Sheria haikuikubali imani hiyo. Hata hivyo waliokuwa nayo waliliona jambo ambalo falsafa ya mali imelipita haraka mno: kupita nako huzaa haki, na haki hiyo si fadhila ya mwenye ardhi.

Tuitazame sheria yenyewe, maana ina hekima kuliko inavyodhaniwa. Uingereza na Wales zina yapata kilomita 225,000 za njia za umma, na nyingi hukatiza mashamba ya watu binafsi. Mshale wa manjano kwenye nguzo humwelekeza mpita njia avuke ukuta kwa vidato vya mawe, aingie katikati ya kondoo wa mtu asiyemjua, atokee upande wa pili bila kumwomba yeyote. Sheria ya barabara ya mwaka 1980 inasema kwamba watu wakipita mahali kwa miaka 20 mfululizo, bila kutumia nguvu, bila kujificha na bila kupewa ruhusa, njia huhesabiwa kuwa imekwisha kutolewa kwa umma, isipokuwa mmiliki awe ameonyesha wazi kwamba hakuwa na nia hiyo. Sharti la tatu ndilo la ajabu. Mtu angetarajia ruhusa iimarishe haki. Hapa ruhusa inaizuia isizaliwe. Anayepita kwa hisani ya mwenye shamba hupita kama mgeni, na hisani ya leo yaweza kuondolewa kesho. Anayepita mchana kweupe kama mtu mwenye haki, mwaka baada ya mwaka, hana fadhila ya kurudisha kwa mtu.

John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alifundisha kwamba ardhi huwa mali ya mtu kwa kazi anayoichanganya nayo: anayelima ndiye mwenye shamba. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inajua mkono tu na kuusahau mguu. Vizazi vilivyopanda Hollins Cross navyo vilifanya kazi juu ya ardhi ile. Viliipasua njia mlimani. Tofauti ni kwamba kazi ya mkulima humzalia haki ya kuwazuia wengine, ilhali kazi ya wapita njia haimzuii yeyote. Mtu wa elfu anayepita hampunguzii kitu yule wa kwanza. Sioni kwa nini haki isiyomnyima mtu ihesabiwe kuwa dhaifu kuliko ile inayonyima.

Vitabu vya dini havikuwa na shaka juu ya hili. Torati inakataza ardhi kuuzwa moja kwa moja, kwa kuwa ni ya Mungu na wanaoikalia ni wageni wake. Na humruhusu mpita njia kukwanyua masuke ya jirani kwa mkono, ila asiyatie mundu. Katika Injili wanafunzi wa Yesu walipita katikati ya mashamba ya ngano wakila masuke, wakashutumiwa na Mafarisayo. Walishutumiwa kwa sababu ya Sabato. Hakuna aliyewauliza wanafanya nini katika shamba la mtu. Mafundisho ya Kiislamu nayo huhesabu kuondoa chenye madhara njiani kuwa sehemu ya imani, na hayaulizi kwanza njia hiyo inapita kwa nani.

Pingamizi kubwa ni hili: kosa likirudiwa kwa miaka 20 huwaje haki? Mwizi wa muda mrefu bado ni mwizi. Lakini mwizi huja usiku, au huja na panga, na sheria imekwisha kuitoa hesabuni njia ya siri na ya nguvu. Tena swali lenyewe hudhania kwamba hati ilitangulia na nyayo zikafuata. Mara nyingi ni kinyume. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,000 za kuzungushia ua ardhi zilizokuwa zikitumiwa kwa pamoja, na kuta nyingi zinazomkabili mtembeaji ni changa kuliko njia. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vibarua na vijana wa Manchester na miji ya jirani walipanda Kinder Scout, mlima ulio juu ya Edale, ambao ulikuwa umefungwa kwa ajili ya uwindaji wa ndege. Watano walifungwa, kwa mashtaka ya ghasia na kujeruhi; kukanyaga nyasi peke yake hakukutosha kumfunga mtu.

Mkulima ana pingamizi lake, na ni la haki: mbwa hutimua kondoo, malango huachwa wazi. Ila haki ya njia ni nyembamba kama njia yenyewe. Haitoi ruhusa ya kulala wala kuchuma, na mkulima anaweza kuilima njia inayokatiza shamba lake mradi airudishe kwa muda uliowekwa. Lililo gumu zaidi ni kwamba miguu nayo hula ardhi. Njia ndefu ya Pennine, inayoanzia Edale na iliyofunguliwa mwaka 1965, ililiwa na viatu kiasi cha kuhamishwa mkondo wake wa kwanza, na sehemu zenye tope zikatandazwa mabamba ya mawe kutoka viwanda vikongwe vya nguo. Nakubali, basi, kwamba kupita si bure kabisa. Linalofuata ni wajibu wa wanaopita kuitunza njia. Lango la kufunga halitokani na hoja hiyo.

Uzito wa jambo hili unaonekana pale lilipokataliwa. Waingereza hao hao, walipoitawala Kenya, walitangaza kwa sheria ya mwaka 1915 kwamba hata ardhi iliyokaliwa na wenyeji ni ya Mfalme wao. Nyayo zilizokuwa ushahidi Derbyshire hazikuwa chochote kule Laikipia, Kenya. Na kwao wenyewe karatasi bado inashindana na mguu: sheria ya mwaka 2000 iliweka ukomo wa 2026 wa kuandikisha njia za kale zisizochorwa kwenye ramani rasmi, ukasogezwa hadi 2031, kisha mwishoni mwa 2024 serikali ikatangaza nia ya kuufuta. Hadi ufutwe, njia iliyokanyagwa kwa karne nyingi bila kuandikwa yaweza kufa kwa kukosa mstari wa wino, na waliobeba majeneza hawakuwahi kudhani kwamba wangepaswa kuacha saini.