Toka Nje, Chikadii Keshaamka

Ndugu yangu uliyefunga mapazia tangu Novemba, nakuandikia wewe. Yanayokupata yalinipata na mimi. Hapa Portland, jimbo la Maine, mwezi wa Desemba jua linazama saa kumi jioni na dakika chache. Unatoka kazini giza limeshaingia, unafunga mlango, unavua buti, unashika simu. Ukipiga nyumbani Mombasa au Goma wanakuuliza habari za huko, nawe unajibu, "Baridi tu." Miaka yangu miwili ya kwanza sikuwa na jibu jingine. Nilikaa katika nchi ambayo sikumjua hata ndege wake mmoja kwa jina.

Aliyenitoa ndani ana uzito wa gramu 11. Weka kiganjani sarafu mbili za robo dola: huyo ndiye yeye mzima, na mabawa yake na moyo wake. Ana kofia nyeusi, kidevu cheusi, mashavu meupe pepe na mgongo wa kijivu. Jina lake, chikadii, amejipa mwenyewe kwa mlio wake, chika-dii-dii-dii, na ana maneno kama chiriku. Nilimwona kituo cha basi asubuhi moja ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Mimi nimevaa makoti mawili na bado nanung'unika, yeye ananing'inia kichwa chini kwenye tawi la msonobari, anachokonoa chakula, anasema peke yake. Basi lilikuja, nikaliacha likaenda.

Baadaye nilijifunza analalaje, na tangu hapo sijathubutu kuilalamikia baridi mbele yake. Mchana kutwa anakula ajaze mafuta mwilini. Usiku anajikunyata ndani ya tundu la mti, anatetemeka ili apate joto, na anashusha joto la mwili wake kwa nyuzi zipatazo 10 ili akiba isimwishie kabla ya alfajiri. Wakati wa neema huficha mbegu mojamoja kwenye magome na nyufa za miti, pengine maelfu kwa msimu, na wiki kadhaa baadaye anakumbuka alikoziweka. Hahami kwenda kusini. Watu wa Maine walimfanya ndege wa jimbo lao mwaka 1927, na mimi naona walichagua vema.

Basi na wewe toka! Dakika kumi zinatosha kuanza. Nunua mfuko wa alizeti, zile nyeusi zenye mafuta, ndugu wa zile zinazokamuliwa Singida. Tundika chombo cha kulishia ndege karibu kabisa na dirisha, chini ya mita 1, au kipeleke mbali zaidi ya mita 10, kwa sababu katikati hapo ndege akishtuka hupata nafasi ya kushika kasi na kujigonga kwenye kioo afe. Kisafishe mara kwa mara wasiambukizane magonjwa. Kisha simama, utulie, umpige picha. Kama una simu tu, anza na simu. Picha yangu ya kwanza ilikuwa tawi tupu lenye kivuli cha mkia, na bado ninayo.

Sasa nikwambie siri iliyonichukua majira mazima ya baridi kuigundua. Usimlenge kwenye chombo. Chikadii hakai mezani: anatua, anachukua mbegu moja, anaondoka. Ukifyatua hapo utapata ukungu wa mabawa. Mfuate kwa macho anakokwenda, maana mara nyingi hurudia tawi lilelile. Huko anaibana mbegu kwa miguu yote miwili na kuigonga kwa mdomo, ko-ko-ko, mpaka ganda lipasuke, na hizo ndizo sekunde zako. Weka shata kwenye 1/1000 ya sekunde au zaidi. Lenga jicho. Jicho lake ni jeusi ndani ya kofia nyeusi, na lisipopata cheche ya mwanga linapotea kabisa, unabaki na picha ya ndege kipofu. Simama jua likiwa mgongoni mwako, ngoja ageuze kichwa, ngoja ile nukta nyeupe iwake, ndipo ubonyeze. Theluji nayo huidanganya kamera. Itakupa weupe uliofifia kama majivu, kwa hiyo ongeza mwangaza kidogo, lakini chunga mashavu yake yasiungue. Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwani baridi huzinyonya betri upesi.

Ukishamjua yeye, amekufungulia msitu mzima. Wakati wa baridi ndege wengine wadogo huandamana naye: kigogota mdogo mwenye madoa, nathachi anayeteremka kwenye shina kichwa chini, na yule mwenye utosi wa dhahabu mwenye uzito wa gramu 6 hivi. Wote wanamsikiliza. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba chikadii huzidisha ile "dii" mwishoni mwa mlio kadiri adui alivyo hatari kwake. Bundi mkubwa, mzito wa kugeuka, anapata chache, na bundi mdogo mwepesi anapata nyingi. Kwa hiyo ukisikia dii-dii-dii-dii-dii zinafuatana, inua kamera na utazame juu, kuna jambo.

Najua hofu nyingine, ile isiyotajwa. Mtu mweusi kasimama ukingoni mwa msitu na darubini shingoni, majirani watasemaje? Hofu hiyo haikuzuka bure. Ndiyo maana mwaka 2020 Wamarekani weusi wanaopenda ndege walianzisha wiki yao maalumu ya kila mwaka, waonekane, wajuane, na kila anayetamani kutoka ajue hayuko peke yake. Ukiona uzito kwenda mwenyewe, nenda na jirani, nenda na watoto. Watoto wana macho kuliko sisi. Waambie chikadii ana jamaa zake Afrika Mashariki, ndege weusi wenye tumbo jeupe, wanaoishi kwenye nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Mimi nililazimika kuja Maine ndipo nijue kwamba nao wapo, na hilo linaniuma mpaka leo.

Na macho yako yanahitajika. Zamani hapa Marekani kulikuwa na desturi ya Krismasi ya watu kujigawa makundi na kushindana nani ataua ndege wengi zaidi. Mwaka 1900 mtaalamu wa ndege Frank Chapman akapendekeza wahesabiwe badala ya kupigwa risasi. Walijitokeza watu 27. Hesabu hiyo haijakoma. Kila mwaka, kuanzia Desemba 14 hadi Januari 5, maelfu wanatoka, na mgeni hukaribishwa kundini. Tunazihitaji hesabu hizi, kwani tangu 1970 Amerika ya Kaskazini imepungukiwa na ndege karibu bilioni 3, wengi wao wale wa kawaida tu, ambao hakuna aliyedhani wangepungua. Kila anayekaa nyuma ya pazia ni jozi moja ya macho iliyokosekana.

Kwa hiyo kesho, saa mbili asubuhi, vaa kila ulicho nacho. Kamera iache shingoni kwa dakika tano za kwanza. Vua glavu moja, jaza alizeti kiganjani, nyoosha mkono karibu na chombo, usijitikise. Kesho huenda asije. Rudi keshokutwa, na siku inayofuata, mkono uleule, mahali palepale. Atakusogelea tawi kwa tawi, atakusema sana kwanza. Kisha utasikia mvumo mdogo wa mabawa sikioni na kucha nane nyembamba zitaushika ukingo wa kidole chako. Hataharakisha. Atainua mbegu ya kwanza, aipime, aitupe, ainue ya pili, aitupe, halafu achague moja iliyojaa na kuondoka nayo kwenda kwenye lile tawi lake.