Majani ya Ufipa na bustani ya mgeni

Mtu anayehamia Sumbawanga na kutaka bustani nyuma ya nyumba hukutana mapema na maswali mawili: pembejeo atazipata wapi, na majani atayashindaje. Katika kata ya Majengo maswali hayo hurudi kila msimu, kwa sababu wenyeji wa Ufipa wanaishi pale pamoja na watu walioletwa na kazi au biashara: mwalimu aliyepangiwa kituo kutoka Tanga, muuguzi wa Bukoba, mfanyabiashara wa Kikinga, pengine Mzungu wa mradi au wa misheni. Wote ni wageni wa udongo ule, hata wale walioshika jembe tangu utoto.

Uwanda wa juu wa Ufipa umekaa kati ya Ziwa Tanganyika, magharibi, na bonde la Ziwa Rukwa, mashariki. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi kinashika mpaka Oktoba, na usiku wa Juni na Julai baridi yake si ya mzaha. Kabichi, karoti, sukuma wiki na viazi mviringo hustawi hapo. Bamia hudumaa, na hata mchicha huchelewa. Mgeni wa pwani anayelaumu mbegu yake mara nyingi anapaswa kuitazama kalenda kwanza.

Pembejeo za dukani zimekuwa mbali na Ufipa siku zote. Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100. Tangu katikati ya miaka ya 1970 serikali iliweka bei moja ya mahindi na mbolea nchi nzima, na mpango huo ndio ulioifanya Rukwa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, kuwa ghala la mahindi la taifa. Biashara ilipoachiwa huru kuelekea miaka ya 1990, gharama ya safari ikarudi juu ya mgongo wa mkulima. Baadaye zikaja vocha za pembejeo mwaka 2008, kisha mbolea ya ruzuku kwa wakulima waliosajiliwa mwaka 2022. Mipango yote hiyo ilimfaa zaidi mkulima wa shamba, anayenunua mfuko wa kilo 50. Mwenye matuta manne ya kabichi anahitaji kilo mbili, na hizo hupimiwa kutoka kwenye mfuko uliokwisha kufunguliwa. Urea iliyokaa wazi hufyonza unyevu ikawa mabonge, kwa hiyo ni bora jirani watatu wachange mfuko mmoja na kuufungua siku ya kugawana.

Mbegu za mboga zinunuliwe kwenye pakiti iliyofungwa, yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, na tarehe isomwe. Mbegu ya kitunguu ndiyo ya kuangaliwa zaidi, maana hupoteza uhai haraka kuliko nyingi. Kujaribu ni rahisi: mbegu 20 huviringishwa katika kitambaa kibichi, na baada ya siku chache zilizochipua huhesabiwa. Jembe, reki, panga na fyekeo vipo sokoni. Na inafaa mgeni ajue kwamba nchi hii haikuwa ikingoja majembe kutoka nje. Wafipa walikuwa mabingwa wa chuma, waliyeyusha mawe yake katika tanuru ndefu za udongo zinazoitwa malungu, na jembe la Ufipa lilikuwa mali ya kubadilishana na majirani kabla jembe la kiwandani halijafika.

Samadi haina shida, kwa kuwa ng'ombe ni wengi. Shida ni samadi mbichi. Ng'ombe hula majani yenye mbegu, na mbegu nyingi hupita tumboni zikiwa hai, hivyo anayemwaga samadi ya jana bustanini anapanda magugu kwa mkono wake. Samadi irundikwe, ilowanishwe na kugeuzwa mara kadhaa. Rundo lililowekwa vizuri hupata joto linalozidi nyuzi 55, na joto hilo likidumu siku kadhaa huua mbegu zilizo nyingi. Majivu ya jikoni nayo yasitupwe, kwani sehemu kubwa ya udongo wa uwanda huu ina uchachu, na majivu huupunguza.

Kuhusu magugu, jambo la kwanza ni kuyatambua moja moja, kwa sababu kila moja lina namna yake ya kuishi. Mashona nguo huzaa mbegu kwa maelfu, na mbegu hizo husafiri kwenye suruali za watoto na manyoya ya mbwa. Dawa yake ni kuling'oa kabla ya kutoa maua, na majani yake machanga ni mboga. Jani nene linalotambaa, lenye ua dogo la buluu, halifi kwa kulimiwa siku ya mvua: kila kipande kilichokatwa na jembe hutoa mizizi upya, na zaidi ya hapo mmea huo hutengeneza maua na mbegu nyingine chini ya ardhi. Lazima likusanywe na kuanikwa juani. Ndago huzaliana kwa vinundu, na jembe likivitenganisha kila kinundu huwa mmea wake. Anayelima ndago haraka haraka huziongeza. Kiduha ni la hatari ya peke yake, maana hujishika kwenye mizizi ya mahindi au ulezi na kunyonya kabla halijaonekana juu ya ardhi, na mbegu zake, ndogo kama vumbi, zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri. Likionekana ua lake jekundu, ling'olewe siku hiyohiyo.

Lakini Ufipa ina jibu lake la zamani, na ni kosa kubwa kwa mgeni kulipita akikimbilia duka la pembejeo. Jibu hilo ni matuta ya mviringo ambayo wenyeji huyaita intumba. Mvua zinapoelekea kwisha, kuanzia Februari hadi Aprili, majani yakiwa bado mabichi na udongo ukiwa laini, mkulima hukata mabonge ya udongo pamoja na majani yake, huyapindua majani yakaelekea ndani, kisha huyafunika kwa udongo mpaka litokee tuta lenye upana wa mita moja hivi. Shamba zima hujaa matuta kama hayo. Juu yake hupandwa maharage, yanayokomaa kwa unyevu uliobaki. Mvua mpya zikianza, matuta huvunjwa, udongo mweusi wa ndani husambazwa, na hapo hupandwa ulezi, au mahindi. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyekaa Ufipa miaka ya 1960, aliyaandika matuta haya katika maelezo yake ya maisha ya Wafipa. Wamambwe, majirani wa kusini mpaka Zambia, wana matuta ya aina hiyo, na Wamatengo wa Mbinga wana ngoro zao, ambamo majani hulazwa na kufunikwa vilevile.

Kila hatua ya kazi hiyo ina sababu. Majani huzikwa yakiwa mabichi kwa sababu yanaoza upesi na kuachia naitrojeni. Yakingojwa mpaka yakauke, vijidudu vinavyoyaozesha huichukua naitrojeni ya udongo kwanza, na mazao hukaa na njaa. Huzikwa kabla hayajaangusha mbegu, kwa hiyo kizazi cha mwaka unaofuata hupungua. Maharage hutangulia kwa sababu mizizi yake, kwa msaada wa bakteria, hujitengenezea naitrojeni kutoka hewani, na hivyo hayangoji majani yamalize kuoza. Ulezi, unaotaka udongo ulio tayari, huja baadaye. Hivyo maswali mawili ya mgeni yamekuwa moja: majani anayotaka kuyaua ndiyo mbolea anayoitafuta. Ni elimu kamili, na walioiunda hawakuwa na maabara. Anayeishi katikati yao bila kuwauliza anajinyima, tena anawakosea heshima wenyeji wake.

Njia hii ina mipaka yake. Haiui ndago wala nyasi zenye mizizi mirefu inayotambaa, na hizo lazima zichambuliwe na kukaushwa kabla ya kufunika. Inahitaji nguvu nyingi za mkono, na plau la ng'ombe limeipunguza kwenye mashamba mengi ya tambarare. Bustani ya Majengo, hata hivyo, haihitaji plau. Mwezi Machi, majani ya uani na ya pembeni mwa uzio yanatosha matuta kumi au zaidi, na jirani mwenye umri mkubwa kwa kawaida ataonyesha kwa furaha jinsi ya kupindua bonge la kwanza. Kati ya mistari ya mboga, matandazo hufanya kazi iliyobaki. Pumba za mpunga kutoka mashine za kukoboa, ambazo hupokea mpunga wa Bonde la Rukwa, huzuia mwanga usifike kwenye mbegu za magugu na kutunza maji wakati wa kiangazi.

Dawa za magugu zipo madukani, na zinataka uangalifu. Glaifosati huingia kwa njia ya majani na kuua karibu kila kijani inachogusa, lakini haizigusi mbegu zilizolala ardhini. Dawa za 2,4-D huua mimea ya majani mapana na kuacha nyasi. Zinafaa kwenye mahindi, lakini zikipeperushwa na upepo zitaua maharage na nyanya za jirani. Katika viwanja vinavyopakana ukuta kwa ukuta, hilo peke yake ni sababu ya kutosha kuchagua jembe. Anayelazimika kupulizia aangalie kama dawa imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, asome kipimo kwenye lebo, na bomba la dawa ya magugu asilitumie kamwe kwa dawa ya wadudu. Chupa tupu isigeuzwe ya kuchotea maji.

Limebaki suala la mbegu kutoka nyumbani. Kila mgeni hutamani kuwa na mmea wa kwao, na shauku hiyo imeigharimu Afrika Mashariki sana. Lantana ililetwa kutoka Amerika ya kitropiki kama ua la uzio, ndege wakala matunda yake, na leo imevamia malisho na misitu. Gugumaji lililoziba ghuba za Ziwa Victoria miaka ya 1990 lilisambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa ua lake. Wala si lazima mmea uvuke bahari: Maesopsis, mti wa asili wa kandokando ya Ziwa Victoria, ulipandwa Amani, ambako Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti mwaka 1902, na kutoka hapo ukaingia katika misitu ya Usambara Mashariki. Ndiyo maana kuingiza mbegu au vipando nchini kunahitaji kibali pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi vinakotoka, hata kwa kifurushi kidogo kinachovushwa Kasesya kutoka Zambia. Anayetaka aina ya pekee ya maharage au viazi aanzie TARI Uyole, Mbeya, kituo cha utafiti kinachozalisha aina zinazofaa Nyanda za Juu Kusini.