JE, TUMUFICHE KIJANA UGONJWA WAKE?



Leo nataka tujiulize ulizo moja ambalo linaingia katika nyumba nyingi bila kupiga hodi. Kijana wa miaka 15, 17 ao 20 anagonjwa. Wanganga wanamupima, wanaona kwamba ni kansere, ugonjwa ambao ndugu zetu wa Tanzania wanauita saratani. Wanaita wazazi pembeni. Wazazi wanarudi kwa mugonjwa na kumwambia: "Si kitu, ni maji tu yaliingia katika goti." Je, wamefanya vema ao wamefanya vibaya? Wamesema uongo, lakini wameusema kwa upendo. Mungu atawahesabia nini?

Siandiki hivi kama mutu anayesimama mbali. Mimi ni mumoja wa wale waliosema uongo huo.

Katika kanisa letu kulikuwa kijana mumoja wa miaka 17 aliyepiga tarumbeta katika fanfari. Goti lake la kuume lilianza kuvimba. Kwanza tulisema ni sababu ya mupira, alianguka kiwanjani. Alipakwa majani, akafungwa kitambaa. Miezi miwili ikapita, na maumivu yakawa yanamwamusha usiku. Majirani wakaanza kunong'ona jina la shangazi yake, kwamba amemuroga. Alipofikishwa hospitali, picha ilionyesha wazi. Munganga aliwaambia wazazi, na mimi nilikuwa pale kama muzee wa kanisa: "Ni kansere ya mufupa. Tukate muguu upesi, kisha dawa zifuate, ndipo kuna tumaini."

Jioni tulifanya kikao. Baba mukubwa alisema neno ambalo sisi wote tulilikubali: "Mukimwambia jina la ugonjwa huo, mutamuua mbele ya siku yake." Basi tulimwambia kijana kwamba wanganga wanataka kukata muguu sababu ya uvimbe. Akatuangalia mumoja mumoja, akasema: "Nani anakatwa muguu sababu ya uvimbe? Nitangoja upungue." Sisi tukanyamaza. Tulimuombea, na maombi yetu yalikuwa ya kweli, lakini tulimuombea kijana juu ya jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua. Miezi minane baadaye tulimuzika.

Juma tatu mbele ya kufa alisikia muuguzi akitaja ugonjwa wake pale mulangoni. Nilipoingia aliniuliza: "Papa, na wewe ulijua?" Nikasema ndiyo. "Tangu lini?" Nikamwambia. Akahesabu miezi kwa vidole vyake. Kisha akasema: "Kama ningejua, ningekubali wakate."

Wapendwa, tangu siku ile ninajiuliza. Sitaki kusema kwamba baba mukubwa alikuwa mutu mubaya. Alikuwa na sababu zake, na sababu hizo zinastahili kujibiwa moja moja, sababu ni zile zinazosemwa katika vikao vyetu vyote.

Ya kwanza: Neno lina nguvu, linaweza kuvunja moyo wa mugonjwa. Ni kweli. Lakini kunyamaza nako kunavunja. Kijana haoni macho ya mama yake? Hasikii wageni wakishusha sauti anapoingia? Anajua vizuri kwamba kuna jambo, ila hana mutu wa kuongea naye, sababu wote wanacheka na yeye mbele na kulia nyuma. Hofu isiyo na jina ni kubwa kuliko hofu yenye jina. Tulifikiri tumemuondolea muzigo. Kumbe tumemuachia muzigo uleule na kumuondolea wasaidizi.

Ya pili: Kwetu ugonjwa si wa mutu mumoja, ni wa jamaa yote. Hii ni hekima ya wazee wetu na mimi ninaiheshimu. Lakini watu wanaobeba muti pamoja, je, wanamuficha mumoja wao kwamba kuna muti begani? Jamaa inayobeba pamoja inaongea pamoja. Kikao chetu kilikuwa na wajomba, baba wakubwa na wazee wa kanisa. Mwenye muguu hakuwa na kiti.

Ya tatu: Bado ni mutoto. Hapa ndipo ninaona haya zaidi. Kijana huyu alikuwa amebatizwa kwa kinywa chake mwenyewe. Tulimuuliza mbele ya kanisa lote kama anamuamini Bwana, akajibu, na tukapokea jibu lake. Tulimuhesabu mukubwa wa kutosha kujibu juu ya roho yake milele yote, lakini mudogo sana kusikia habari ya goti lake. Ni mizani gani hiyo?

Tuangalie sasa Maandiko. Mufalme Hezekia aligonjwa ugonjwa wa kufa. Alianza kutawala akiwa na miaka 25, akatawala miaka 29, na 15 ya mwisho aliongezewa sababu ya ugonjwa huo. Hesabuni wenyewe: aligonjwa akiwa na miaka kama 39, mutu mwenye nguvu bado. Nabii Isaya hakuita jamaa pembeni. Alikwenda kwa mugonjwa mwenyewe na kumwambia ukweli, hata ukweli muchungu kabisa. Hezekia akageukia ukuta, akalia, akaomba. Ni sababu alijua ndiyo maana aliomba. Na Mungu alipomusikia, Isaya aliagiza nini? Donge la tini liwekwe juu ya jipu. Ukweli, maombi na dawa vilikuwa katika chumba kimoja siku ile. Sisi tunaojiita watu wa unabii, ni nani aliyetufundisha kuvitenganisha?

Tena Bwana wetu alipokutana na Bartimayo kipofu, kila mutu aliona kwamba ni kipofu. Hata hivyo alimuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Hakuwauliza jirani zake.

Nataka kuwapa mufano mwingine, wa mbali na kwetu lakini wa ugonjwa uleule. Katika inchi ya Kanada kulikuwa kijana jina lake Terry Fox. Mwaka 1977, akiwa na miaka 18, goti lake la kuume lilianza kuuma, na wanganga wakakuta kansere ya mufupa. Walimwambia. Usiku mbele ya kukatwa, mwalimu wake wa muchezo alimuletea gazeti lenye habari ya mutu wa muguu mumoja aliyekimbia mbio ndefu kule New York. Muguu ukakatwa juu ya goti, na akatiwa dawa zaidi ya mwaka mumoja. Mwaka 1980 alianza kukimbia kukata inchi yake toka mashariki, na muguu wa chuma, ili kukusanya feza za kutafuta dawa ya kansere. Alikimbia siku 143, kilometre 5.373, mupaka ugonjwa ulipoonekana katika mapafu yake. Alikufa mwezi wa 6 mwaka 1981, mbele ya kutimiza miaka 23.

Mutu atasema: "Basi, naye alikufa. Ukweli ulimusaidia nini?" Ninajibu: Ukweli haukumupa miaka mingi, lakini miaka aliyopata ilikuwa yake. Alichagua la kufanya nayo. Kijana wetu alipata miezi minane na hakuwa mwenye miezi hiyo, sababu sisi tulimuchagulia bila yeye kujua kwamba kuna kuchagua. Na tujue vilevile kwamba dawa za leo si za mwaka 1977. Wanganga wanasema kwamba kansere hiyo ikikutwa mbele ya kuenea, na mugonjwa akipasuliwa na kupewa dawa vizuri, karibu vijana wawili kati ya watatu wanapona. Katika hospitali kubwa mara nyingi hata muguu unaokolewa.

Lakini nisikilizwe vizuri. Sisemi kwamba ukweli utupwe kama jiwe. Kuna mutu anayesema kweli yote kwa dakika mbili, kisha anakwenda zake. Huyo naye amemuacha mugonjwa peke yake. Ukweli ni deni, lakini anayelipa deni hilo anapaswa kubaki. Rafiki za Ayubu, mbele ya kuanza maneno yao mabaya, walikaa naye chini siku saba muchana na usiku, bila kusema. Siku hizo saba ndizo kazi yao njema.

Kubaki na kijana ni kufanya nini? Kijana hafanani na mutoto mudogo, wala hafanani na muzee. Wazungu wenyewe walikawia kuelewa hilo: waliweka kijana wa miaka 16 katika chumba cha watoto wachanga ao katikati ya wazee wanaokufa. Ni mwaka 1990 tu ndipo kule London chumba cha kwanza cha vijana wenye kansere kilifunguliwa, ili wakae na wa umri wao. Sisi hatuna vyumba vile. Lakini tuna kwaya, tuna fanfari, tuna vikundi vya vijana. Chumba cha vijana tunaweza kukifanya kwa watu.

Basi, kwanza, kijana achague mwenyewe nani atakayemwambia na nani atakayekaa karibu. Asikie kidogo kidogo, kwa kadiri anavyouliza. Akisema leo hataki kusikia zaidi, tungoje.

Pili, wenzake waende kumuona. Kansere haiambukizi. Mukule naye sahani moja. Dawa zinaangusha nywele na kuondoa nguvu, na musichana anaweza kuona haya kuliko maumivu. Musimutolee macho. Mumupelekee daftari za masomo, muongee na mwalimu mukubwa juu ya mutihani wa Serikali, sababu kijana anayetayarisha diplome anajua kwamba watu bado wanamungojea kesho.

Tatu, tuongee naye mambo ya ndoa. Dawa zingine za kansere zinaweza kugusa nguvu ya kuzaa. Aulize munganga mbele ya kuanza, wala asije kugundua kisha miaka kumi. Na wewe musichana ao kijana unayemupenda mutu aliyepona, usimukimbie.

Ine, tulipe safari. Dawa zinaendelea miezi mingi, na wengi wanaacha katikati sababu uvimbe umepungua na feza zimekwisha. Kuacha katikati ni kumupa ugonjwa nafasi ya kurudi. Sadaka moja kwa mwezi ya kulipa gari na chakula cha mama anayelala hospitali inaweza kuokoa maisha.

Tano, asiachwe na maumivu. Kule Kampala, mwaka 1993, munganga Anne Merriman na wenzake wa Hospice Africa walianza kutoa morfine ya kunywa kwa wagonjwa hata nyumbani. Kutuliza maumivu si kukosa imani.

Sita, tusimutafute mulozi. Mufupa wa kijana unakua upesi, na ni katika miaka hiyo ndipo kansere ya mufupa inapenda kutokea, zaidi karibu na goti. Shangazi hana kosa. Uvimbe usiopungua, maumivu ya usiku, homa isiyoisha, tezi za shingo zinazokua, damu inayotoka bila sababu, kukonda: hayo yapelekwe kwa munganga katika juma, si katika miezi. Na asiwepo wa kusema dawa ni za kigeni. Lile ua dogo jeupe ao jekundu linalopandwa mbele ya nyumba nyingi, ambalo asili yake ni Madagaska, ndilo limetoa dawa moja ambayo tangu miaka ya 1960 inatumiwa kwa kansere ya damu. Mungu alilipanda kwetu mbele ya kiwanda kuwako.

OMS, ndilo Shirika la Afya la Dunia, linasema kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400.000, tangu kuzaliwa mupaka miaka 19, wanapata kansere. Katika inchi tajiri zaidi ya 80 kwa mia wanapona. Katika inchi nyingi maskini hawafiki 30 kwa mia. Tofauti hiyo inatokana na dawa na feza, na wanganga waliofundishwa. Lakini sehemu yake inatokana pia na kuchelewa, na kuacha katikati, na kuficha. Sehemu ile ya kwanza inatushinda. Hii ya pili iko mikononi mwetu.

Wazazi wapendwa, najua mutakapofika katika saa hiyo ulimi utakuwa muzito. Wangu ulikuwa muzito. Ombeni kwanza, mulie kama Hezekia, kisha muingie katika chumba, mufunge mulango, mukae chini karibu na mutoto wenu. Na muwe tayari kubaki pale.

Tarumbeta ya yule kijana iko kwangu. Mama yake alinipa. Siku moja nitaipa mwingine, na nitamwambia kwa nini.

Mungu awatie nguvu wote walio wagonjwa, na wote wanaokaa karibu nao. Amina.