Kunenepa Si Kukua

Huko Musaga, kusini mwa Bujumbura, kijana mmoja na jirani yake, mama wa makamo, walinunua watoto wawili wa nguruwe wa uzao mmoja. Wote walikuwa wale wanaosukumwa na wenzao kwenye chuchu, waliozaliwa hawafikishi hata kilo moja. Ndiyo maana waliuzwa kwa bei ya kutupa.

Kijana alikuwa na haraka. Alisikia kwamba gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, na ya wanga 4 tu. Basi akanunua mawese ya Rumonge, akawa anayamimina juu ya pumba na unga wa mahindi. Mwanzoni mnyama aliharisha, kwani nguruwe aliyetoka kuachishwa ziwa huchukua wiki kadhaa kabla tumbo lake halijayazoea mafuta ya kuongezewa. Kisha akatulia, manyoya yakang'aa, tumbo likaviringana.

"Mama, huyo wako mbavu bado zinahesabika!" kijana akatania.

"Zitafunikwa, mwanangu. Tungoje tuone zitafunikwa na nini."

Mama alichanganya pumba na soya iliyokaangwa, maana soya mbichi huzuia protini isimeng'enywe. Akaongeza vumbi la ndagala, yaani dagaa, lililobaki sokoni. Mawese alitia kijiko tu.

Siku ya kuchinja ilipofika, nguruwe wa kijana alikuwa mfupi, mnene kama pipa. Kisu kilipopita, mgongoni palionekana tabaka zito la mafuta na mnofu mwembamba chini yake. Wa mama alikuwa na mgongo mrefu na mapaja yaliyojaa nyama. Mnunuzi alilipia mnofu.

Mnyama hula mpaka nguvu anazohitaji zimtoshe, kisha huacha. Chakula kikijaa mafuta, hushiba kabla hajapata protini ya kutosha, hasa lisini, ambayo mahindi na pumba vina kidogo. Bila hiyo misuli haijengeki, na nguvu iliyozidi huwekwa akiba kuwa mafuta. Aliyezaliwa mdogo huumia zaidi: mara nyingi huja duniani na nyuzi chache za misuli, hivyo hunenepa upesi kuliko anavyorefuka.

Mafuta yenyewe hayana kosa. Mtoto wa nguruwe huzaliwa karibu hana mafuta mwilini, na maziwa ya mama yake, yenye mafuta kiasi cha asilimia 7, humwokoa na baridi na njaa. Lakini maziwa hayo huleta mafuta na protini kwa pamoja. Kijana aliiga nusu ya kazi ya maziwa, nusu nyingine akaiacha.

Funzo: mzani hautofautishi mnofu na mafuta. Anayemwinua mnyama dhaifu aanze na protini, ndipo aongeze mafuta kidogo kidogo, na kila apimapo kilo, apime pia urefu wa mgongo.