Insha ya Kuazima: Je, Ni Elimu au Ni Khiyana?



Liko jambo ambalo watu wengi waliona dogo, na kwa udogo wake limepita mbele ya macho yetu miaka mingi bila ya kuulizwa hukumu yake. Jambo lenyewe ni hili: mtoto akikariri insha ya mtu mwengine, akaingia nayo katika chumba cha mtihani, akaiandika kana kwamba ni yake, huyo amefanya nini? Amejifunza, au amedanganya? Na ikiwa amedanganya, lawama ni ya nani?

Swali hili hatukulipata kitabuni. Tulilipata Sotik, mji ulioko bara katika kaunti ya Bomet, kwenye njia ya kutoka Kaplong kwenda Kisii. Hiyo ni nchi ya Wakipsigis, nchi ya vilima vilivyofunikwa na michai. Tulifikia kwa mfanyabiashara mmoja ambaye asili yake ni huku kwetu pwani. Binti yake alikuwa Gredi ya 9, mwaka wa mwisho wa sekondari msingi, naye akijitayarisha kwa mtihani wa kumpeleka sekondari pevu. Jioni moja babake alimwita atusomee insha yake ya Kiingereza. Kiingereza chetu sisi ni cha kuombea maji tu, basi kila akisoma sentensi akatufasiria.

Insha ilikuwa khabari ya moto ulioteketeza jumba refu katika mji mkubwa. Kulikuwa na magari ya zimamoto, na mayowe, na jua lililotua kama dhahabu. Ilipendeza. Tukamuuliza, "Mwanangu, moto huo uliuona wapi?" Akacheka kwa haya, akasema hakuuona popote. Akatuletea daftari. Ndani yake mna sentensi za kuanzia, sentensi za kumalizia, sentensi za mvua, za jua na za msiba, zote zimenakiliwa kutoka kwa wengine. Kazi ya mwanafunzi ni kuzishona pamoja.

Tukamwambia, "Basi tueleze kwa Kiswahili jambo ulilolitazama leo kwa macho yako." Akanyamaza kidogo, kisha akatusimulia khabari za mama wa rafiki yake, mchumaji wa chai, ambaye vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani, rangi isiyotoka kwa sabuni. Kisha shamba likaleta mashine za kuchumia, na mama yule akaambiwa asirudi. Sasa vidole vyake vimeanza kuwa vyeupe, na kila akivitazama hulia. Sisi tuliokuwa pale hatukuweza kusema neno. Tulipopata sauti tukamuuliza, "Mbona hili hukuliandika?" Akajibu, "Maalim, hayo si ya kuandikwa. Hayana maneno mazuri."

Ndugu zetu, jawabu hiyo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Tusimlaumu mtoto, wala tusidhani kuwa ada hii imezaliwa Sotik. Tangu mwaka 1985 hadi 2023 watoto wa Kenya walimaliza shule ya msingi kwa mtihani wa darasa la nane, na insha yake iliandikwa kwa dakika 40. Ukimpa mtoto dakika 40 atunge kisa kwa lugha isiyokuwa ya mamake, naye ajua kwamba maisha yake yanategemea alama hizo, atakimbilia wapi ila kwenye daftari la kukariri? Baadaye mtaala ukageuzwa, ukaitwa mtaala wa umilisi, yaani wa kumfanya mtoto aweze kutenda, si kukariri tu. Mtihani wa Gredi ya 9 ulifanywa mara ya kwanza mwaka 2025, na wanafunzi wa kwanza wakaingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026. Alama za kumpanga mtoto ni asilimia 60 kutoka mtihani huo, asilimia 20 kutoka kazi zake za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 20 kutoka mtihani wa Gredi ya 6. Jina la mtaala limebadilika, lakini daftari limebaki. Bali limeongezewa ndugu: baba afanyaye kazi ya mtoto usiku ili ipelekwe shuleni asubuhi, na programu za simu ziandikazo insha nzima kabla maji ya chai hayajachemka.

Watu watatu watatupinga, na kila mmoja ana haki ya kujibiwa.

Wa kwanza atasema: "Nyinyi masheikh ndio mliotufundisha kukariri. Mbona mwatukataza leo?" Jawabu yetu ni kwamba kukariri si aibu. Aliyehifadhi Qur'ani hasemi kwamba maneno yale ni yake. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, hakupokea Hadithi ila kwa silsila: fulani kutoka kwa fulani kutoka kwa fulani. Umati wetu ulitukuza hifadhi, na papo hapo ukashurutisha kila neno litajiwe mwenyewe. Insha ya kuazima imechukua hifadhi ikaacha silsila. Walakini tukiri pia kosa letu: viko vyuo vyetu ambavyo mtoto hukhitimu bila ya kuulizwa hata siku moja, "Wewe umefahamu nini?" Aliyezoea hivyo chuoni hatashangaa kuzoea hivyo shuleni.

Wa pili atasema: "Hicho ni Kiingereza tu, lugha ya wageni, uongo ndani yake si uongo." Huu ni udhaifu wa fikra. Ukweli hauna kabila. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wazishike elimu za zama zao. Hatuwezi kuitaka elimu kisha tukaacha uaminifu mlangoni.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito. Atasema: "Mtoto wa Sotik nyumbani asema Kikipsigis, sokoni Kiswahili, na Kiingereza hakisikii ila darasani. Nyumbani hakuna kitabu. Sentensi hizo ndizo nguo zake pekee. Mtamvua, abaki uchi?" Hili twalikubali kwa sehemu. Kila mwenye kujifunza lugha huanza kwa kuiga, na mtoto anayeiga ili ajue hana kosa. Lakini wazee wetu wamesema nguo ya kuazima haisitiri matako. Muulize mkulima wa chai wa huko: yuko atiaye maji katika majani ili kilo zizidi kwenye mizani. Lakini kiwandani majani hunyaushwa kwanza, na maji yale ya kutiwa huondoka. Sekondari pevu ndipo mahali pa kunyaushwa. Kiingereza ni lazima kwa kila mwanafunzi huko, awe amechagua njia ya sayansi, ya masomo ya jamii, au ya sanaa na michezo. Ataambiwa asome kitabu kizima, apime maneno ya mtunzi, atoe rai na dalili yake. Daftari la jua lililotua kama dhahabu litamfaa nini siku hiyo?

Basi hukumu yetu ni hii. Mtoto anayeiga hali akijifunza ni mwanafunzi. Anayetoa maneno ya mwenziwe kuwa yake amekosa, na kosa lake ni dogo kwa sababu sisi wakubwa ndio tuliompa daftari. Lakini liko kosa kubwa zaidi ya uongo, nalo ni letu peke yetu: kumfundisha mtoto kwamba aliyoyaona kwa macho yake hayana thamani ya kuandikwa. Binti yule alikuwa na ushahidi wa dhuluma iliyompata jirani yake. Mwezi wa Mei 2023 huko Kericho watu walichoma mashine za kuchumia chai kwa uchungu wa jambo hilo hilo. Na yeye, aliyeweza kulieleza bila ya moto, amefundishwa kuandika moto wa jumba asilolijua.

Yatupasa nini, sisi watu wa miji ya pwani ambao watoto wetu wana madaftari yale yale? Mzazi amwambie mwanawe kila jioni asimulie jambo moja la siku hiyo kwa lugha ya nyumbani, kisha aliandike kwa Kiingereza, hata kwa makosa. Mwalimu aipe insha ya kweli yenye makosa heshima kuliko ya uongo iliyopambwa. Na mtoto akitumia neno la mtu, afundishwe kusema, "Hili ni la fulani."

Tulipoaga Sotik, binti yule alikuwa mezani na karatasi mpya. Alikuwa ameandika mistari mitatu ya vidole vya yule mama, na babake akatwambia kuwa makosa yalikuwa mengi. Tukamwambia asiyafute mpaka amalize.

Na taufiki ni ya Mwenyezi Mungu.