Usimzime Mdogo Wako

Mjukuu wangu,

Jumapili iliyopita tukiwa mezani mdogo wako alikuonyesha video kwenye simu, ya chanjo inayodaiwa kufunga vizazi. Hukuitazama hata nusu. Ulisema, "Huo uzushi tu," ukavuta sahani ya pilau. Mtoto akanyamaza, ukadhani yameisha. Usiku nilimkuta barazani akiwatumia wenzake ileile video.

Hukukosea kuhusu video. Hata mimi naiona ya uongo. Ila hukumwonyesha uongo uko wapi. Ulimwonyesha kwamba wewe umesoma, yeye bado.

Mimi nimekulia Mombasa ya mumiani. Tuliambiwa gari la zimamoto likipita jioni mtu akimbie, maana wamo wanaokamata watu na kuwatoa damu ikafanywe dawa. Siku moja nililiona, nikaangusha chupa ya mafuta ya taa niliyotumwa, na nyumbani nikachapwa. Nilipopata akili nikaanza kuuliza: aliyechukuliwa ni nani? Mtoto wa nani? Likoni waliniambia ni mtu wa Changamwe. Changamwe wakaniambia ni wa Likoni. Na kwa kuwa maiti haikuonekana popote, hilo nalo likahesabiwa ushahidi: hao jamaa wanaficha vizuri!

Baadaye tulipata jirani, mzee aliyewekwa kizuizini Manyani enzi za Mau Mau. Alikuwa akisema kwamba Waingereza waliondoka na makaratasi ya yale waliyoyatenda. Tulimsikiliza kwa adabu, akishatoka tunacheka. Tukisema mateso yamemharibu kichwa.

Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya walifungua kesi London kuhusu mateso ya enzi hizo. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikakiri kuwa majalada hayo inayo, yamehifadhiwa Hanslope Park hukohuko Uingereza, yalitolewa Kenya kwa ndege mwaka 1963 kabla ya uhuru. Kenya ilikuwa imeyaomba tangu 1967, ikanyimwa. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Jirani yetu tulishamzika.

Ukiwatazama kwa mbali, yeye na watu wa mumiani walisema jambo moja: wakubwa wanaficha. Lakini yeye alitaja kambi, akataja mwaka, na mgongoni alikuwa na makovu yasiyohitaji mkalimani. Tena dai lake lilikuwa na mahali pa kulipimia: fungueni ghala tuone. La mumiani ulikuwa ukilifuata linahama mtaa. Tofauti hiyo tungeiona kwa maswali mawili matatu tu. Hatukumuuliza hata moja, kwa sababu jina la upuuzi tulikuwa tumeshampa.

Sikwambii neno "uzushi" ulitupe. Wapo wanaotunga uongo makusudi, wengine kwa pesa, na si kila ujinga wa kuitishia baraza. Ninalokuomba ni uulize kwanza, hukumu ifuate.

Jumapili ijayo kaa na mdogo wako, muitazame ile video yote. Ni dakika nne. Muulize huyo anayejiita daktari ni nani, anatibu hospitali gani, hiyo chanjo ilitolewa wapi na lini. Mwache atafute mwenyewe, usimnyang'anye simu. Naye akikugeukia akuulize wewe ulijuaje kwamba ni uongo, uwe na jibu.