Mwili Ni Amana

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu katika umbo lililo bora, akampa masikio, macho na moyo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi: tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Leo tuzungumzie jambo ambalo vijana wetu wanalitazama kwenye simu, na wazee wetu wanaliulizia baada ya swala: mashine kuingia ndani ya mwili wa mwanadamu. Wapo wanaosema hilo ni kubadili maumbile ya Mungu, basi lote ni haramu. Wapo wanaosema ndiyo maendeleo, tusihoji. Kauli zote mbili zina haraka, na haraka haina baraka.

Sahaba Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za Jahilia. Akajitengenezea pua ya fedha, ikaanza kunuka. Mtume (S.A.W.) akamwamuru atumie pua ya dhahabu. Habari hii wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Sote tunajua kwamba dhahabu ni haramu kwa mwanamume kujipamba nayo. Lakini hapa imeruhusiwa, kwa sababu lililotakiwa halikuwa pambo, bali kuziba pengo lililoachwa na jeraha. Ile aya ya 119 ya Surat An-Nisaa, inayotaja ahadi ya Shetani ya kuwaamrisha watu wabadili maumbile ya Mungu, wanazuoni wengi hawakuitumia kumfungia mgonjwa mlango. Wamepambanua kati ya anayetibu ulemavu na anayeuchezea mwili mzima kwa kiburi na urembo.

Hapa nchini kwetu mambo haya yapo. Tangu Juni 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili inapandikiza vifaa vya usikivu, huduma ambayo zamani watoto wetu walipelekwa India kuifuata. Mtoto aliyezaliwa hasikii hupasuliwa nyuma ya sikio, kifaa kikawekwa chini ya ngozi, na waya wake mwembamba ukaingizwa ndani kabisa ya sikio. Nje huvalishwa kifaa chenye kipaza sauti, kinachonasana na cha ndani kwa sumaku, ngozi ikiwa katikati. Sauti inageuzwa kuwa umeme, na umeme unaamsha mshipa wa fahamu uliokuwa kimya. Mtoto anashtuka, pengine analia, maana hajui hicho kilichomfikia ni nini. Baada ya hapo anahitaji wazazi na walimu wenye subira, wamfundishe kwa miezi na miaka kwamba hii ni sauti ya mama, na huu ni mwito wa adhana. Surat An-Nahl, aya ya 78, inatukumbusha kwamba tulitoka matumboni mwa mama zetu hatujui lolote, tukapewa kusikia, kuona na nyoyo ili tushukuru. Kumrudishia mtoto usikivu ni njia moja ya shukrani hiyo.

Na mama anayeuliza kuhusu twahara ya mwanawe asipate wasiwasi. Kifaa cha nje huvuliwa wakati wa kuoga, maji yakaipata ngozi. Kilicho chini ya ngozi hakidaiwi kuoshwa. Vivyo hivyo mwenye mguu wa bandia: ikiwa sehemu yote inayotiwa udhu imekatwa, wajibu wa kuiosha umeondoka, ikiwa imebaki sehemu, ataosha iliyobaki.

Wapo pia wenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, ambacho watu hukiita betri ya moyo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, hufanya matibabu hayo. Mwenye kifaa hicho asidhani uhai wake unatoka kwenye betri. Kifaa ni sababu tu, na ajali ya mja ikifika haitangulii wala haichelewi. Tumeamrishwa kutafuta dawa na kumtegemea Mungu, yote mawili kwa pamoja.

Basi tuogope nini? Ardhi hii tunayoishi ina jibu. Misafara kutoka Bagamoyo ilivuka nyika ya Mgunda Mkali, ikapita Tura, ikapita Kigwa, ikaingia Unyanyembe. Majina hayo ni ya majirani zetu hapa Goweko, mkoani Tabora. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi hodari, wengine kwa hiari na kwa ujira, na walijivunia kazi hiyo. Lakini katika njia hiyohiyo walipitishwa watu wamefungwa shingoni, wakahesabiwa pamoja na pembe za ndovu. Mtumwa aliyeishiwa nguvu hakuonekana tena kuwa ni mtu. Wakati huo hapakuwa na kompyuta wala waya wa kuingizwa kichwani, na bado mwanadamu alikuwa amekwisha kufanywa chombo cha mwanadamu mwenzake.

Kisha mwaka 1912 reli ikafika Tabora. Wajerumani waliijenga kwa faida yao, hilo halina ubishi. Hata hivyo gari moshi lilipoanza kupita hapa, shehena ilihama kutoka kwenye mabega ya binadamu ikapanda behewa. Hivyo mashine si adui kwa kuwa ni mashine. Swali la muumini ni hili: chombo hiki kinamtua mja mzigo, au kinamgeuza mja kuwa mzigo wa mwingine?

Kwa kipimo hicho tuyatazame ya leo. Januari 2024 kampuni ya Neuralink ya Marekani ilimpandikiza kifaa kwenye ubongo Noland Arbaugh, kijana aliyepooza kuanzia mabegani kwenda chini. Akaweza kuendesha kompyuta na kucheza sataranji kwa kukusudia tu, bila kugusa kitu. Kwa aliyepooza, hiyo ni faraja, na tunamwombea. Lakini mwenye kampuni, Elon Musk, amesema wazi kwamba shabaha yake inapita matibabu: anataka binadamu aungane na akili bandia. Hapo pua ya Arfaja imekwisha kuachwa nyuma. Mzima anaambiwa kwamba alivyoumbwa hatoshi.

Jingine ni nani anashika ufunguo. Kampuni ya Second Sight, ya huko huko Marekani, iliwapandikizia watu vipofu kifaa cha macho kiitwacho Argus II. Baadaye biashara ikayumba, ikaacha kukitengeneza na kukihudumia. Watu wakabaki na kifaa ndani ya jicho, na kikiharibika hawana fundi wa kumwendea. Ndugu zangu, kitu kikishaingia mwilini mwako huku aliyekitengeneza yuko ng'ambo, uliza mapema: kampuni ikifunga, mimi nitabaki na nani?

Msiseme hayo ni ya mbali. Mwili wetu umekwisha kuunganishwa na mashine hapa hapa. Kusajili laini ya simu ni kwa alama za vidole. Mkulima anakuja na vidole vilivyosuguliwa na jembe, anakibonyeza kidole kwenye kimashine, kinakataa. Anakifuta kwenye nguo, anabonyeza tena, na tena. Humo humo ndimo khiyana inamopenya: kijana asiyemcha Mungu anamwambia mzee haijasoma, rudia, kumbe ya kwanza ilisoma, na ya pili imesajili laini ambayo mzee haijui. Laini hiyo ndiyo itakayotumika kumtapeli mjane. Surat Al-Qiyama inataja uwezo wa Mwenyezi Mungu wa kuzisawazisha hata ncha za vidole vyetu. Wewe kijana unayeiba kidole cha mzee, unamwibia alama aliyoipata kwa Mola wake. Na Surat Yasin inatuambia siku itakuja midomo ifungwe, mikono iseme na miguu ishuhudie. Siku hiyo kidole hakitahitaji kimashine.

Basi nakuusieni mambo haya. Mwenye mtoto asiyesikia asimfiche ndani wala asiseme amerogwa. Ampeleke hospitali mapema, kwa sababu mtoto akikua bila sauti, kujifunza kusema kunakuwa kugumu zaidi. Tiba hii ni ghali, kwa hiyo tuwe na mchango wa kudumu hapa msikitini, zaka na sadaka zetu zimfikie anayehitaji. Isiwe kwamba mwenye fedha ananunua masikio na maskini anaambiwa asubiri. Kila mmoja apige *106# ahakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na vijana wawasaidie wazee kwa uaminifu. Tangu Mei 2023 nchi yetu ina sheria ya kulinda taarifa binafsi. Tujue haki zetu na tuzidai. Na simu, ambayo haijaingia mwilini, isitutawale kana kwamba imekwisha kuingia: ikiita wakati wa swala, uulize moyo wako unaitika mwito gani.

Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba siku ya Kiyama mja ataulizwa kuhusu umri wake, elimu yake, mali yake na mwili wake aliutumiaje. Ataulizwa mwenyewe. Hataulizwa aliyekitengeneza kifaa kwa niaba yake.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape elimu na huruma waganga wetu. Tujaalie tuzitumie neema zako bila kuziabudu. Uwalinde wanyonge wetu na kila anayetaka kuwafanya chombo chake. Utuchukue tukiwa tumeilinda amana uliyotupa. Amin, wal-hamdu lillahi Rabbil-alamin.